Rangi Tatu za Fundi Shomari

Juzi nilipita nyuma ya nyumba moja ya wageni hapa Shinyanga mjini. Dirisha lilikuwa wazi, na ndani mtu alikuwa akipiga pasi shuka zilizotiwa kanji. Kanji inapokaribia kuungua hutoa harufu ya uji ulioshika chini ya chungu, ikichanganyika na nguo safi. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina. Nilishika ukuta. Nilipotazama mkono wangu niliona vidole viwili vimekunjwa, kidole gumba na cha shahada, kana kwamba vimeshika kitu chembamba vikikisokota kuelekea kulia. Ni miaka mingi sijakisokota kitu hicho. Mikono haikusahau.

Nawaandikia wenzangu wa rika langu, tuliokuwa watoto wakati umeme ulikuwa kitu cha ndani ya uzio wa wazungu, na sisi wengine tukiutazama kwa mbali kama watu wanaotazama moto wa jirani. Mimi nilibahatika, kama ni bahati, kukaa ndani ya uzio.

Baba yangu alikuwa dobi katika kambi ya machimbo ya almasi, upande wa Songwa. Mama na kaka yangu Masanja walibaki Didia kwa bibi, na ng'ombe na shamba la pamba. Mimi nilichukuliwa kwenda kambini nimpikie baba, na kwa sababu kambini kulikuwa na shule. Didia hakukuwa na shule ya kufikika kwa miguu yangu. Basi kwangu uzio ule haukuwa kifungo. Ulikuwa ndio mlango wa kusoma, na kila asubuhi nilipoamka nilihakikisha kwanza kwamba bado niko ndani yake.

Kambini tulifundishwa kutoinama. Ilikuwa kambi ya almasi, na mtu anayeinama anaokota. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kalamu ikikuanguka, unyooshe mkono juu kwanza, uonekane, ndipo uiokote. Tulitembea tumefunga mikono nyuma kama wazee. Wageni waliokuja kutazama shule walitusifu kwa adabu. Kumbe si adabu, tulikuwa tumejifunza tu kuficha mikono.

Nami nilikuwa mtoto mwenye hofu ya kukosea. Sijui niliitoa wapi. Nyumbani hakuna aliyenipiga kwa ajili ya kosa. Nilifuta hesabu hadi karatasi ikatoboka. Nilisugua sufuria ya ugali, nikaisuuza, nikairudia, baba akisema, "Mayu, hiyo sufuria sasa itakuwa karatasi." Mayu kwa Kisukuma ni mama, ndivyo baba zetu wanavyowaita binti zao wanapowapenda. Nilicheka naye, kisha nikaisugua tena alipogeuka.

Chumba cha baba cha kupigia pasi kilikuwa na sakafu ya saruji iliyokuwa na maji wakati wote, kwa sababu mapipa ya kufulia yalikaa humo humo. Baba alifanya kazi bila viatu. Miaka mingi alikuwa ametumia pasi ya mkaa, na alikuwa na desturi ya madobi wote wa pasi ya mkaa: kulamba kidole na kuigusa pasi chini mara moja, upesi. Ikilia, imeiva. Ikinyamaza, ngoja. Zilipokuja pasi za umeme, mkaa uliondoka lakini kidole kilibaki. Pasi hizo mpya zilikuwa na kitufe na taa ndogo, lakini baba hakuiamini taa. Alikiamini kidole chake.

Aliyemcheka kuliko wote kwa desturi hiyo alikuwa Fundi Shomari, fundi umeme wa nyumba za wazungu kambini. Alikuwa Mzaramo, mtu mrefu mwenye sauti ya kuimba, aliyefika huku akifuata kazi na akabaki. Basi alikuwa mtani wetu. Msukuma na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya mizigo, na wenzangu mnajua maana yake: mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, anaweza kuondoka na jogoo wako kwapani, na wewe ukinuna, mwenye kosa ni wewe.

"Baba Masanja," alikuwa akisema mlangoni, begi lake la ngozi begani, "utalamba umeme wewe, na siku moja umeme nao utakulamba."

"Kwenu mnalamba nazi, Mzaramo. Kwetu tunalamba pasi. Kila mtu na kitoweo chake."

"Kitoweo! Mtu ambaye ugali wake una ukubwa wa kichuguu anazungumzia kitoweo!"

"Na wewe uliyeacha kuzika babu yako kwa sababu ngoma ilikuwa haijaisha?"

Walicheka hadi baba akaweka pasi chini. Niliwapenda wakicheka hivyo. Nilifikiri watu wanaocheka hivyo hawawezi kudanganyana.

Fundi Shomari ndiye aliyenionyesha rangi. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye kapu nikikunja kola za mashati, naye alikuja kubadilisha plagi. Alichana ngozi ya pamba iliyofunika waya, na ndani yake zikatoka nyaya tatu ndogo za mpira, kila moja na rangi yake, zimepakwa unga mweupe kama wa chaki. Zilikuwa nzuri mno. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri hivyo kilichofichwa ndani ya kitu kibaya hivyo.

"Unaziona?" akasema. "Huyu mwekundu ndiye bwana mwenye hasira. Anakuja na moto. Mweusi ni mkewe. Anaupokea na kuurudisha nyumbani. Na huyu wa kijani ni mlinzi. Kazi hana siku zote, anakaa mlangoni anasinzia. Lakini siku moto ukitoroka ukaingia kwenye bati la pasi, ndiye anayeukamata na kuuzika ardhini."

Akaishika plagi, mguu mkubwa juu. "Bwana kulia, mke kushoto, mlinzi juu. Sema."

Nikasema. Nikasema tena bila kuulizwa. Nilisema njiani kwenda shule, na nilisema nikisonga ugali, mwiko ukigonga sufuria upande wa kulia, wa kushoto, kisha juu.

Hapa lazima nieleze jambo moja nililolielewa vibaya, kwa sababu mengine yote yametoka humo. Niliamini kwamba rangi ile haikuwekwa na mtu. Niliamini waya mwekundu ni mwekundu kama damu ilivyo nyekundu, kwa kuwa ndani yake mnapita moto, na wa kijani ni wa kijani kwa kuwa ni ndugu wa majani na udongo. Nilipopata kipande cha waya mwekundu nilikiweka shavuni nikahisi, kweli kabisa, kwamba kina joto kuliko cheusi. Haikunipitia akilini kwamba mahali fulani, mezani, watu walikaa wakachagua.

Fundi alinipa plagi iliyovunjika mguu na vipande vitatu vya waya, akanikabidhi mkononi mbele ya askari wa zamu ili isije ikasemwa nimeokota. Nilijifunza mwenyewe yaliyobaki. Nilijifunza kuchuna mpira kwa urefu wa ukucha wa kidole gumba, si zaidi. Kusokota nyuzi za shaba kuelekea kulia ili skrubu inapokaza izivute badala ya kuzitawanya. Kuukunja mkia mara moja kabla ya kuuingiza. Uzi mmoja wa shaba ukibaki nje, mwembamba kama unywele, nilifungua yote nikaanza upya. Nilihesabu mizunguko ya bisibisi. Nilifunga, nikafungua kuhakikisha, nikafunga.

Baada ya muda Fundi Shomari akaanza kunipa plagi za kweli. Mwanzoni alizikagua. Kisha akawa anafungua moja kati ya tatu. Kisha akaacha kabisa, akawa anajilaza kwenye kapu la shuka mimi nikifunga.

"Mikono ya huyu mtoto haina haraka," alimwambia baba. "Mimi nina haraka. Baba Masanja, nakwambia, huyu ningemzaa mimi."

"Ungemzaa wewe angekuwa sasa hivi yuko ngomani."

Ukutani kulikuwa na tangazo: asiyekuwa fundi asiguse chombo chochote cha umeme. Baba alilijua, fundi alilijua, nami nililisoma kila siku kwa sababu nilisoma kila kilichoandikwa. Sikujiona kwamba nimo ndani ya tangazo lile. Nilijiona niko upande wa fundi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, kiangazi. Mke wa injinia mgeni alikuwa amefika kambini na pasi yake. Hakuwa Mwingereza, alitoka nchi nyingine ya baridi, na pasi yake ilikuwa na plagi ya ajabu, ya mviringo, yenye miguu miwili myembamba ambayo haikuingia kwenye soketi zetu. Fundi Shomari aliileta, akaikata plagi ile kwa koleo, akaitupia begini mwake, akaniwekea pasi na plagi mpya kwenye meza.

"Mfungie baba yako. Mimi naitwa ofisini, feni imegoma."

Akaondoka. Nilichuna. Mwekundu akatoka. Mweusi akatoka. Wa tatu hakuwa wa kijani. Alikuwa wa kijivu.

Sasa naungama. Nilijua. Siyo kwamba nilijua ni hatari, ila nilijua kwamba sijui. Ningeweza kungoja. Ningeweza kutembea hadi ofisini, mikono nyuma, nikasema, "Fundi, kijani hayumo." Lakini ningesema hivyo angejua kuna kitu sikijui, na mtoto aliyesifiwa kwa kutokosea ana woga ambao mtoto wa kawaida hana. Nikaanza kujieleza mwenyewe. Nikakumbuka majani ya Didia, jinsi yanavyokuwa kijani wakati wa mvua na kufikia kiangazi yamekuwa kijivu kama jivu. Nikasema: huyu ni mlinzi aliyepigwa jua. Amesafiri mbali, amechujuka. Nikamweka juu, mahali pa mlinzi. Mwekundu kulia. Mweusi kushoto. Hakuna hata uzi mmoja uliotokeza. Niliikagua mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Baba akaichomeka, akawasha, akakunjua blauzi ya yule mama mezani. Akangoja. Akalamba kidole, akaigusa pasi chini.

Haikulia. Yeye ndiye aliyelia, sauti fupi ambayo sikujua kuwa baba yangu anayo. Alirushwa nyuma. Kiganja chake cha kulia kikatua kwenye ukingo wa pipa, nikasikia kitu kikivunjika, na maji yakamwagika miguuni mwangu. Nilikimbilia ukutani nikazima. Yeye alikuwa chini, macho wazi, akivuta pumzi kama mtu aliyekuwa amezama.

"Mayu," akasema, "usiiguse. Usiiguse."

Fundi Shomari alifika akikimbia na watu wengine. Walimbeba baba kwenda kwa mganga wa kambi. Fundi akabaki na mimi. Akachomoa plagi, akaifungua, akaitazama. Akatazama kijivu. Akatazama mwekundu. Nilimtazama yeye, nikingoja aniambie nimekosa wapi, kwa maana hilo ndilo nililolitaka kuliko kusamehewa. Akarudisha kifuniko, akakaza skrubu zote mbili, taratibu, akatoka.

Asubuhi yake nilikuwa nikikoroga uji. Baba alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kwenye ubao, ncha ya kidole ina doa jeusi dogo kama mbegu. Fundi Shomari akaingia. Walizungumza kwa sauti ya chini, kisha baba akaniita.

"Mayu, leo tutaitwa. Bwana Mkubwa atauliza nani alifunga plagi. Utasema ni wewe."

"Ndiyo, baba. Ni mimi."

"Utasema uliingia mwenyewe. Fundi alikuwa ameiacha mezani, mimi nilikuwa uani naanika, wewe ukaingia ukachezea."

Fundi akachuchumaa mbele yangu. "Mtani wangu mdogo, sikiliza. Wakisikia tulikuruhusu, mimi nafukuzwa na baba yako anafukuzwa. Dobi mwenye mkono uliovunjika atapata kazi wapi? Wewe ni mtoto. Mtoto hafukuzwi kazi."

Hilo nililielewa. Hata leo nalielewa. Nikasema, "Nitasema niliingia mwenyewe."

"Vizuri. Na ukiulizwa ulijuaje waya upi uende wapi, sema ulikisia."

"Lakini hukunifundisha kukisia. Ulinifundisha rangi."

Akatazamana na baba. Kisha Fundi Shomari akacheka. Alicheka cheko lake lile lile la mlangoni.

"Rangi! Baba Masanja, umemsikia? Mtoto ameziamini!" Akanigonga begani. "Nilikuwa nakutania, Msukuma wangu. Bwana, sijui mke, sijui mlinzi anasinzia, wapi umeona waya wenye mke? Nani anamfundisha umeme mtoto wa kike wa mtani wake? Nilikupa ya kuchezea, nawe ukayameza na mifupa."

Nikamgeukia baba. Nilikuwa na hakika atasimama. Nilikuwa na hakika kuna mpaka, kwamba hata utani una ukuta mahali fulani, na kwamba kidole cha mtu na kiganja chake kilichovunjika vimekaa upande wa pili wa ukuta huo. Nilimngoja baba yangu akasirike.

Baba akacheka. Halikuwa cheko kubwa. Lilikuwa kavu, dogo, cheko ambalo mtu anamlipa mtani wake kwa kuwa desturi inataka. Alicheka akitazama chini kwenye uji wake, na uji ule nilikuwa nimeupika mimi.

Bwana Mkubwa, mzungu mkuu wa kambi, alituhoji barazani, nyapara amesimama kando. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha amri.

"Nani funga hii?"

"Mimi."

"Nani ambia wewe funga?"

"Hakuna. Niliingia mwenyewe."

"Nani fundisha wewe?"

Fundi Shomari alikuwa akikuna shingo. Baba alikuwa akitazama ubao wa mkono wake.

"Hakuna," nikasema.

"Basi jua namna gani?"

Sikuwahi kukisia kitu maishani hadi siku iliyotangulia. Neno lile lilikuwa gumu kulitoa kuliko uongo ule wote mwingine. "Nilikisia," nikasema, na nilipolisema nilijua kwamba kati ya uongo wote niliofundishwa kusema, huo peke yake ulikuwa na ukweli ndani, na kwamba hakuna mtu pale aliyejua ila mimi. Wao walifikiri wananisemesha uongo. Mimi nilikuwa naungama.

Bwana Mkubwa hakukasirika. Alimwambia nyapara maneno machache, na nyapara akatutafsiria kana kwamba hatukusikia: mtoto asiyeweza kuzuia mikono yake hawezi kukaa ndani ya uzio wa almasi. Aondoke leo.

Hilo hawakulitegemea. Niliona uso wa baba ukishtuka. Alifungua mdomo. Nilimtazama mdomo ule kama mtu anayetazama mlango. Kisha akaufunga, akasema, "Ndiyo, bwana."

Getini mama askari alinifumua nywele na kupitisha vidole kichwani, kama walivyofanya kwa kila anayetoka. Alifungua kifurushi changu cha nguo akakuta vipande vyangu vitatu, chekundu, cheusi na cha kijani. Akauliza nimevipata wapi. Nikasema sijui. Akavitupa kwenye debe. Fundi Shomari ndiye aliyekuwa amenibebea mzigo hadi pale, kwa kuwa baba hakuweza.

"Mtani," akasema, sauti yake ya kuimba imeshuka kidogo, "usinisahau. Ukija uniletee michembe, vile viazi vyenu vikavu."

Aliniita mtani ili nisimchukie. Nikapanda lori la kuni bila kumjibu, na kwa kutojibu nikawa, kwa desturi yetu, mimi ndiye mwenye kosa.

Didia nililima. Shule ikawa jambo la watoto wengine. Mama hakuniuliza mengi. Alikuwa ameambiwa kwamba nilikuwa mtundu, na alinipa jembe kama mtu anayempa mgonjwa dawa. Lakini maradhi yangu yalikuwa mengine. Kama rangi zilikuwa utani, ni nini kingine kilikuwa utani? Mwalimu alitufundisha kwamba saba mara nane ni hamsini na sita. Nilikaa nyuma ya zizi nikapanga kokoto safu saba, nane nane, nikazihesabu moja moja. Nilihesabu siku tatu mfululizo. Nilijifundisha kusoma upya kwa magazeti ya kufungia sukari, na neno ambalo sikulikuta mara mbili kwa maana ile ile sikuliamini. Watu walisema nina akili. Mimi nilikuwa na hofu tu. Mtu akinieleza jambo nilimtazama mdomo, nikitafuta mahali cheko linapoanzia.

Nilipokuwa mkubwa nilikuja mjini kushona. Jirani ya cherehani yangu kulikuwa na duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitu vidogo vidogo na kutengeneza redio. Siku moja aliletewa redio ya Kijerumani iliyokatika waya, akaichuna mbele yangu nikiwa nimekuja kununua uzi. Mweusi, wa kijivu, mwekundu.

"Bwana," nikasema, "huo mwekundu unakwenda wapi?"

"Huu? Huu unakwenda ardhini."

"Mwekundu ni wa moto."

Akaniangalia kwa mshangao, mwanamke wa cherehani. "Vitu vya Kiingereza, ndiyo, mwekundu wa moto, kijani wa ardhini. Vya Kijerumani, mwekundu ndiyo ardhi. Dada, rangi hii ni mapatano ya watu tu. Waingereza wamepatana hivi, Wajerumani wamepatana vile. Nani kakufundisha wewe?"

Nilikaa kwenye sanduku la sabuni hadi akaniletea maji.

Kwa hiyo Fundi Shomari hakunitania. Alinifundisha kweli, na vizuri, kila kitu alichokijua. Pasi ile ilitoka nchi yenye mapatano mengine, ambako mwekundu ndiye mlinzi aliyeungwa kwenye bati, nami hasira ya bwana nikaipeleka kwenye bati hilo, mahali palipomngojea mlinzi. Kilichokuwa utani ni siku ile tu aliposema ulikuwa utani. Ningekuwa nimemsamehe mtu aliyenidanganya rangi. Huyu alichukua jambo la kweli alilonipa mwenyewe, akalikana mbele yangu, nami nikaishi miaka yote hiyo nikikagua saba mara nane.

Wiki ile ile nilikwenda Didia. Baba alikuwa amesharudi nyumbani. Kiganja kilipona kimepinda, na kambini wakachukua dobi mwingine. Nilimkuta barazani akichambua pamba kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mayu. Umekuja bila kutuma neno."

Nilimwambia kabla sijaketi. Nilimwambia yote: redio, kijivu, mwekundu, mapatano ya Waingereza na Wajerumani. Maneno yalitoka yakigongana. Nilitaka aone kwamba mtoto wake hakuwa mtundu wala mjinga. Nilimaliza nikingoja.

Baba akatoa mbegu kwenye pamba, akaiweka kando.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Hilo la mwekundu. Shomari alinieleza. Aliipima pasi ile kwa taa yake ya kupimia umeme, ikamwonyesha. Alikuja kunieleza analia, mtu mzima yule. Alisema, 'Mtani, mtoto alifunga kama nilivyomfundisha. Kosa ni langu, sikuitazama pasi.'"

"Lini?"

"Ile ile wiki uliyoondoka."

Nilisikia kuku uani. Nilisikia mama akitwanga. Nilijaribu kuhesabu miaka nikashindwa, mimi ambaye sishindwi kuhesabu.

"Hukuniambia."

"Hapana."

"Masanja alikuwa akija kambini kila mwezi. Ungemtuma neno moja tu."

Baba akanitazama, na sikuona aibu usoni mwake. Niliona upendo, na ndio ulioniumiza zaidi.

"Ningekutumia neno hilo, ungerudi," akasema. "Ungetembea kwa miguu kutoka hapa hadi getini, ukasimame mbele ya mzungu useme hukukosea. Nakujua, mayu. Kosa ukidhani ni lako, unaweza kulibeba hata ukafa nalo. La mtu mwingine usingelibeba hata siku moja. Na sisi tulihitaji libebwe."

Mama akaita kutoka nje kwamba ugali u karibu, nisiondoke kabla ya kula. Nilimwambia kuna lori linanisubiri barabarani. Hapakuwa na lori. Baba alijua hapakuwa na lori, kwa kuwa kutoka barazani barabara yote inaonekana, nyeupe na tupu hadi mwisho, na alinitazama nikiishika njia kwa miguu wala hakuniita.